Tathmini ya Pili Huanzia Kwenye ya Kwanza

Miaka niliyoishi karibu na familia za Meru na Embu zinazowatunza watu wenye ulemavu mkubwa imenifundisha jambo moja ambalo ningependa kila mlezi alijue kabla hajaitwa na chifu kwa mara ya kwanza kwa uhakiki wa wanaopokea msaada wa serikali: matokeo ya uhakiki hayaamuliwi siku ya uhakiki. Kwa sehemu kubwa huwa yameshaamuliwa na yale yaliyoandikwa, au yasiyoandikwa, miaka kadhaa nyuma. Tathmini ya kwanza huuliza kama mtu ana ulemavu, na ulemavu huo una uzito gani. Tathmini ya pili, na kila itakayofuata, huuliza swali jingine kabisa: je, kuna kilichobadilika? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama tu mtu aliyeketi mbele ya daktari. Hujibiwa kwa kulinganisha siku mbili, ile ya kwanza na hii ya leo, pamoja na zote zilizopita katikati. Aliyezitunza siku hizo kwa maandishi ana cha kulinganisha. Asiyezitunza huanza upya kana kwamba hajawahi kupimwa, na gharama ya kuanza upya humwangukia maskini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze na kinachohakikiwa chenyewe. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ahadi hiyo imekuwa ikitekelezwa hasa kupitia mpango wa malipo wa Inua Jamii, ambao tangu 2011 umekuwa na fungu lao: Sh2,000 kwa mwezi kwa familia maskini yenye mtu anayehitaji mlezi wakati wote. Upo pia msamaha wa kodi ya mapato kwa mwenye ulemavu aliyeajiriwa, ambao kwa agizo la 2010 unagusa Sh150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, nao hutolewa kwa cheti chenye tarehe ya kuisha. Mkulima wa ndengu kule Evurore na mwalimu wa Nkubu hawalingani kipato, lakini wote wawili hufikiwa na siku ya kuulizwa upya. Mmoja ataitwa athibitishe kwamba yu hai, kwamba ni yeye, na kwamba bado anastahili. Mwingine atatakiwa kuomba cheti kipya na huenda akarudishwa hospitalini kupimwa. Wapo wasemao kwamba Sh2,000 ni pesa kidogo mno kwa mtu kujisumbua hivyo. Ni kidogo kweli, lakini kwa nyumba isiyo na mshahara ndizo dawa za kifafa, ndizo nepi za mtu mzima, ndiyo nauli ya kliniki. Tena nafasi zenyewe ni chache. Kwa miaka mingi familia zilizolipwa kutoka fungu hilo zilikuwa takriban 47,000 nchi nzima, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka mitano. Palipo na foleni ndefu hivyo, anayeondolewa kwenye orodha kwa kukosa karatasi hana hakika ya kurudi.

Sensa hiyo hiyo ina funzo ambalo watu wa Embu hasa wanapaswa kulishika. Mwaka 2009 Kenya ilihesabu wenye ulemavu kuwa asilimia 3.5 ya watu wote. Miaka kumi baadaye wakawa asilimia 2.2 ya wenye miaka mitano na zaidi. Hakuna muujiza uliotokea kati ya sensa hizo mbili. Kilichobadilika ni swali. Mwaka 2019 makarani waliuliza kuhusu shughuli: mtu anaona, anasikia, anatembea, anakumbuka, anajihudumia, anawasiliana kwa ugumu kiasi gani? Aliyesema ana ugumu mkubwa au hawezi kabisa ndiye aliyehesabiwa. Kwa kipimo hicho kikali, Embu ilitoa kiwango cha juu kabisa nchini, asilimia 4.4, mara mbili ya wastani wa taifa. Mimi naisoma takwimu hiyo kama onyo kwa walezi: idadi ya wenye ulemavu hupanda na kushuka kulingana na linaloulizwa, na mtu mmoja anaweza kuwa ndani ya hesabu mwaka huu na nje ya hesabu mwaka mwingine bila mwili wake kubadilika hata kidogo. Kwa hiyo maandalizi yanaanza kwa kujua swali. Familia nyingi hufika zikiwa na jina la ugonjwa tu: kupooza kwa ubongo, kifafa, jeraha la uti wa mgongo. Jina la ugonjwa ni muhimu, lakini mpimaji wa leo anataka kujua zaidi ya hapo. Anataka kujua kama mtu anaweza kujilisha, kujiosha, kutoka kitandani, kueleza kwamba ana maumivu, kubaki nyumbani peke yake kwa saa moja bila hatari. Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye jina la ugonjwa. Yamo kichwani mwa mlezi, na yakibaki humo tu, hayatafika kwenye fomu.

Hapa ndipo desturi zetu njema hutudhuru bila kukusudia. Katika vijiji vya Imenti, Igembe, Manyatta na Mbeere, mtu hapelekwi hospitalini au ofisini akiwa mchafu. Huogeshwa, hupakwa mafuta, huvalishwa nguo za kanisani. Mlezi huamka saa kumi alfajiri ili kufikia saa tatu mgonjwa awe nadhifu mbele ya daktari. Mpimaji huona mtu msafi aliyekaa vizuri kitini, wala haoni saa tano zilizotumika kumfikisha pale. Akiuliza hali, mlezi hujibu kama alivyolelewa kujibu wakubwa: hatujambo, tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Hilo ni jibu la adabu, lakini kwenye fomu ya tathmini husomwa kama ushahidi wa nafuu. Zaidi ya hapo, hali nyingi hupanda na kushuka. Mwenye kifafa anaweza kumaliza wiki mbili bila kuanguka, kisha akaanguka mara tatu kwa siku moja. Mwenye maradhi ya akili anaweza kuzungumza kwa utulivu dakika ishirini na mgeni, kisha usiku akatoroka nyumbani. Anayepimwa siku ya heri hupimwa kwa uongo ambao hakuna aliyeusema. Dawa ya tatizo hili haiwezi kuwa kumpeleka mtu akiwa mchafu, wala kuigiza maumivu. Dawa ni kuleta siku nyingine mezani pamoja na hiyo moja, na siku hubebwa kwa maandishi.

Kwa hiyo naamini kwamba daftari la kawaida la shule linaweza kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Halihitaji maneno ya kitaalamu. Tarehe, aliyesaidia, alichosaidia, muda uliotumika, kilichotokea ambacho si cha kawaida. Alianguka mara ngapi, saa ngapi, alijeruhiwa wapi. Usiku aligeuzwa kitandani mara ngapi ili asipate vidonda. Dawa gani ilikosekana na nini kikafuata. Kazi gani ya shamba au kibarua gani mlezi alikiacha kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mtu huyo. Hakuna haja ya kuandika kila siku, kwa maana mlezi mwenye kuchoka ataacha baada ya mwezi mmoja. Yatosha kuandika siku chache za kila mwezi zikiwemo nzuri na mbaya, pamoja na kila tukio zito. Uandishi wa aina hiyo una sifa ambayo maelezo ya siku ya uhakiki hayawezi kuwa nayo: uliandikwa wakati hapakuwa na pesa inayosubiriwa. Afisa mwenye uzoefu anajua tofauti kati ya karatasi iliyoandikwa jana kwa kalamu moja na daftari lililochakaa kwa miaka mitatu. Siku nzuri nazo ziandikwe, kwa sababu daftari lisilo na nafuu hata moja halitaaminika, na kwa sababu ukweli ndio msingi wa haki inayodaiwa.

Pamoja na daftari, kuna karatasi. Ya kwanza kwa umuhimu ni nakala ya tathmini ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayobeba ile siku ya kwanza ya mlinganisho. Wengi huiachia hospitali au ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoanzishwa kwa sheria ya 2003, wakidhani kwamba kadi peke yake inatosha. Kadi husema mtu amesajiliwa. Haisemi alikuwa anaweza nini na hawezi nini siku aliyosajiliwa. Aliyeipoteza nakala anaweza kuiomba, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Baada ya hiyo zifuate karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitalini, kadi za kliniki, barua ya shule maalumu au ya kituo cha tathmini ya elimu, na barua ya chifu. Kisha majina yakaguliwe. Katika Meru hili si jambo dogo. Jina linaloanza kwa M' na alama ya juu huandikwa kwa alama hiyo kwenye kitambulisho, bila alama benki, na bila M yenyewe kwenye kadi ya hospitali. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta wanaweza kuwa watu watatu, na mmoja tu ndiye anayelipwa. Kurekebisha majina huchukua miezi, kwa hiyo haifai kungoja hadi mwito utoke. Vivyo hivyo mabadiliko ya nyumbani: mtoto aliyefikisha miaka 18 na sasa anahitaji kitambulisho chake, mama mlezi aliyefariki au aliyezeeka asiweze tena kumbeba mwanawe, familia iliyohama kutoka Tigania kwenda Timau. Mlezi ndiye mkono wa mnufaika benki na ofisini, na jina la mlezi lisipobadilishwa mapema, haki ya mtu aliye hai husimama kwa sababu ya kifo cha mwingine.

Umbali nao ni sehemu ya hoja hii, kwa maana hugeuza karatasi moja iliyokosekana kuwa hasara ya mwezi mzima. Ramani za kaunti hizi mbili hazifanani na umbile la mahitaji yao. Hospitali kubwa za rufaa ziko mjini Meru na mjini Embu, kwenye nyanda za juu, na huduma hupungua kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Makima na Kiambere upande mmoja, au kadiri anavyokwenda mbali na Maua kuelekea Laare na Mutuati upande wa pili. Mtu asiyeweza kuketi wima hawezi kupandishwa bodaboda, na matatu haitamngoja alazwe kitini. Familia hulazimika kukodi gari, mara nyingi Probox, kwa pesa inayozidi malipo ya mwezi mzima. Wakifika na kuambiwa kwamba karatasi fulani haipo, au kwamba mmoja wa wataalamu wanaopaswa kumpima hayupo siku hiyo, gari lile lile hukodiwa tena. Ndiyo maana nasema maandalizi ni suala la uchumi kabla hayajawa suala la sheria. Familia inayoulizia mapema ni siku gani jopo la kupima hukaa, ni hospitali gani ya kaunti ndogo iliyoidhinishwa karibu zaidi, na ni nakala gani zinazotakiwa, huokoa pesa halisi. Familia tatu au nne za kata moja zinaweza kuomba siku moja na kuchangia gari moja. Tena mlezi asiyezungumza vizuri ila Kimeru, Kiembu au Kimbeere aende na mtu wa kumtafsiria anayeijua nyumba hiyo, kwa sababu daktari mgeni hawezi kuandika asichoelewa.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni hili: bila uhakiki, walaghai watajaza orodha. Nalikubali nusu ya hoja hiyo bila shida. Orodha za malipo ya umma huwa na majina ya waliofariki, na kila jina la namna hiyo linachukua nafasi ya mtu anayesubiri. Kuna pia hali zinazopona, na hakuna dhuluma kumwondoa aliyepona. Lakini ni lazima kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Swali la kwanza ni kama mtu yu hai na ndiye mwenyewe. Hilo linaweza kuulizwa kila mwaka, kijijini, kwa dakika chache. Swali la pili ni kama ulemavu wake umebadilika. Hilo halina sababu ya kuulizwa kwa kasi ile ile kwa kila mtu, kwa maana mguu uliokatwa hauoti, na mtu mzima aliyezaliwa na kupooza kwa ubongo hataamka siku moja bila hali hiyo. Marekani ilijifunza hili kwa uchungu. Kuanzia 1981 serikali yake ilianza kupitia upya kwa kasi kubwa orodha ya wanaolipwa kwa sababu ya ulemavu, na katika miaka iliyofuata karibu watu nusu milioni waliambiwa kwamba malipo yao yangekoma. Wengi wao walikata rufaa na kurejeshewa. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1984 yenye kanuni ambayo ndiyo kiini cha hoja yangu: malipo ya mtu hayasimamishwi kwa sababu ya hali yake mpaka kuwe na ushahidi kwamba hali hiyo imepata nafuu tangu uamuzi uliotangulia. Yaani serikali ililazimishwa kulinganisha. Leo mpango huo huwaita watu kwa vipindi tofauti kulingana na matumaini ya kupona: wanaotazamiwa kupata nafuu huitwa mapema, na wasiotazamiwa kubadilika huachwa kwa miaka kadhaa. Uingereza nayo, iliyoanza malipo yake mapya ya ulemavu mwaka 2013 kwa tathmini za mara kwa mara, iliamua baadaye kwamba wenye mahitaji makubwa yasiyotazamiwa kubadilika wafanyiwe mapitio mepesi baada ya miaka kumi.

Mfano wa karibu zaidi nasi kwa hali ya maisha ni Afrika Kusini, na unaonyesha kinachotokea nchi isipojiandaa yenyewe. Huko kuna ruzuku ya ulemavu ya kudumu na nyingine ya muda, ambayo ya muda huisha na mtu hulazimika kupimwa upya. Tarehe 31 Desemba 2020, katikati ya janga la Korona, zaidi ya ruzuku 200,000 za muda zilikoma kwa pamoja, wakati ambapo madaktari wa kupima walikuwa wachache na ofisi zilikuwa zikipokea watu kwa idadi ndogo. Januari 2021, foleni nje ya ofisi ya ruzuku ya Bellville karibu na Cape Town ikawa ndefu mno, na polisi wakawamwagia maji watu waliokuwa wamekuja kuomba wapimwe. Watu hao hawakuwa wamepona. Tarehe iliyokuwa kwenye karatasi ndiyo iliyofika, na upande wa serikali haukuwa na nafasi ya kuwapokea. Funzo langu kutoka hapo lina pande mbili. Kwa familia, tarehe ya kuisha iwekwe kwenye kalenda ukutani siku ile ile cheti kinapotolewa, na maandalizi yaanze miezi sita kabla. Kwa serikali za kaunti na ya kitaifa, malipo yasikome kwa sababu jopo la kupima halikupatikana. Aliyeomba kupimwa kwa wakati aendelee kulipwa hadi atakapopimwa.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wenye huruma, nao husema: unawaomba wakulima wasio na elimu ya kutosha wawe makarani. Naliheshimu, lakini sikubaliani nalo, kwa sababu wakulima hawa tayari hutunza kumbukumbu. Mwenye chai anayepeleka majani kwa kiwanda cha Mungania au Rukuriri huko Embu, au Githongo na Kionyo huko Meru, hutunza risiti za mizani kutoka kituoni mwaka mzima, kwa maana anajua bonasi itahesabiwa kwa kilo zilizoandikwa wala si kwa kilo anazokumbuka. Huko Mbeere kusikostawi chai, kina mama wa chama huandika kila shilingi kwenye daftari, na mwenye deni hawezi kulikana mbele ya wenzake. Ujuzi upo. Kilichokosekana ni mazoea ya kuiona kazi ya ulezi kama kazi inayostahili kuandikwa. Na pale ambapo mlezi hajui kusoma kabisa, mtoto wa darasa la sita anaweza kuandika mistari mitatu jioni, au jirani wa nyumba kumi, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini. Maandishi ya mhudumu huyo yana uzito wa ziada kwa kuwa si mtu wa familia.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi moyoni mwangu. Kuna wazazi wanaosema kwamba hawawezi kuandika udhaifu wa mtoto wao ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba wanamhesabia aibu. Nawaelewa. Mtu ana heshima yake, na hatakiwi kugeuzwa orodha ya asivyoweza. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba daftari linaloandikwa vizuri husimulia kazi, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Husema mtu huyu alivalishwa kwa dakika arubaini kwa sababu alisaidia kuingiza mkono mmoja mwenyewe. Husema alicheka, alikataa uji, alimtambua shangazi yake aliyetoka Runyenjes. Mtu huonekana humo akiwa mzima, pamoja na msaada unaomwezesha kuishi. Kinachomvunjia mtu heshima ni kufika mbele ya meza bila maandishi yoyote, kisha kulazimika kuonyesha mwili wake upya kwa wageni ili aaminiwe. Mwenye kumbukumbu nzuri huulizwa machache. Mwenyewe pia, kama anaweza kuzungumza au kuonyesha kwa ishara, ashirikishwe katika kinachoandikwa, na asikilizwe kwanza siku ya uhakiki kabla mlezi hajamsemea.

Mwishowe wapo wanaosema kwamba mzigo huu wote ni wa serikali, na kwamba kuwafundisha maskini kutunza karatasi ni kuisamehe serikali wajibu wake. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Serikali iliyompima mtu, ikamsajili, ikampa kadi na kumlipa kwa miaka, haipaswi kumuuliza tena kana kwamba haimjui. Mfumo wa usajili wa ulemavu sasa hupitia mtandaoni, na kwa hiyo nakala ya tathmini ya kwanza inapaswa kuwa mbele ya daktari kabla mgonjwa hajaingia chumbani. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walioanza kazi rasmi chini ya mpango uliozinduliwa Septemba 2023 hutembelea nyumba na kuandika hali za afya kwenye simu. Hakuna sababu ya msingi ya kuwazuia wasiandike pia mabadiliko ya mtu mwenye ulemavu mkubwa, na taarifa hiyo ikapunguza safari za watu wasioweza kusafiri. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiserikali ya 2015 zinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo kumwambia mama wa Kiritiri kwamba jina la mwanawe limetoka kwenye mfumo, basi, ni kuvunja sheria, na ana haki ya kudai barua yenye sababu kisha kupinga. Lakini haki hiyo ya kupinga hurudi pale pale nilipoanzia. Barua ya sababu itasema hali imebadilika, au mahitaji hayakuthibitishwa. Jibu lake litakuwa ushahidi wa kulinganisha. Wajibu wa serikali na maandalizi ya familia havipingani, na mpaka siku serikali itakapoutimiza wake kikamilifu, familia haiwezi kuacha kumbukumbu zake mikononi mwa ofisi ambayo faili hupotea.

Ninawaomba basi viongozi wa Meru na Embu mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wao. Kila anayepimwa apewe nakala ya tathmini yake siku hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ambayo familia inaweza kusoma. Walemavu ambao hali yao haitazamiwi kubadilika waulizwe swali la uhai na utambulisho tu, kijijini kwao, na wasibebwe hadi mjini kuthibitisha kwamba mguu uliokatwa bado haupo. Na majopo ya kupima yatoke kwa zamu kwenda Ishiara, Kiritiri, Mutuati na kwingineko kulikofichika, kwa ratiba inayotangazwa kwenye baraza la chifu na makanisani mapema. Kwa walezi ombi langu ni jepesi kulisema na gumu kulitimiza, nami natambua mnafanya kazi isiyolipwa wala kushukuriwa. Itafuteni nakala ya tathmini ya kwanza wiki hii. Sahihisheni majina kabla ya mwito. Anzeni daftari mwezi huu, hata kama uhakiki uko mbali, kwa sababu likianzishwa mwito ukishatoka litakuwa limechelewa. Yule mnayemtunza huenda asiweze kujisemea mbele ya mfumo, na maandishi yenu ya miezi ya kawaida ndiyo yatakayomsemea kwa uaminifu pale mtakapoulizwa kama bado anahitaji msaada.